Jibu: Kuyaenzi makaburi ya wazee waliotumikia KAR, Lamu

Ndugu yangu, assalamu alaikum. Umeuliza namna bora ya kuyaenzi makaburi ya wazee wetu waliotumikia jeshi la KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza katika Afrika Mashariki), na kama inafaa kuyajenga upya kwa saruji.

Saruji nakusihi muiache kabisa. Makaburi ya kale ya pwani yetu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambavyo hupitisha unyevu. Saruji huuzuia unyevu huo ndani pamoja na chumvi, hata lipu ya asili ikapasuka na maandishi yakamomonyoka. Palipobomoka, fundi atumie chokaa, lakini kwanza pateni ridhaa ya jamaa za marehemu, kisha mshauriane na Makumbusho ya Lamu, kwa kuwa sheria ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi inayalinda maeneo ya kihistoria. Kwa kusafisha, maji na brashi laini vinatosha. Msitumie brashi ya waya wala tindikali.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni majina. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi wengi waliobebea mizigo majeshi ya Waingereza walifia Tanganyika wakazikwa bila alama yoyote, na ndiyo maana kaburi ambalo bado linajulikana ni la nani ni amana kubwa mno. Waulizeni wazee wa mtaa sasa, wangali hai, mkaandike jina, nasaba na kikosi cha kila marehemu, na nakala moja muiweke msikitini.

Mtakapokwenda kuwasomea Yasini, fuataneni na vijana, wayajue makaburi hayo mmoja mmoja.