Kukata mkuo mkubwa wa risasi kabla ya kusubu chubwi

Wavuvi wengi wa mshipi huku pwani tunajisubia wenyewe chubwi, yaani vizito vya risasi vya kuzamishia mshipi. Maji ya bamvua yakianza kukimbia, chubwi nyepesi haifiki chini: mshipi unalala, chambo kinachukuliwa na mkondo, na changu wako kule kwenye miamba hawana habari nawe. Ukisubu mwenyewe unapata uzito unaotaka. Shida inaanzia kwa muuza vyuma chakavu, maana risasi yake (madini, si ya bunduki) mara nyingi ilimwagwa ndani ya karai kuukuu ikagandia humo, na anakuuzia bonge hilo, mkuo mzima. Sufuria yako ya kuyeyushia haiupokei.

Kwanza usidanganyike na umbo lake. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.34, kwa hiyo mkuo wa kilo 25 haujazi hata ndoo ya lita 3. Inama magoti unapouinua, na usiuweke ukingoni mwa meza.

Kisha iache grenda ilipo. Nalisisitiza hili kwa sababu ndicho chombo cha kwanza kila mtu anachokikimbilia. Risasi ni laini, inaziba jiwe la grenda mara moja, jiwe linashika moto na laweza kupasuka. Hilo la jiwe ni dogo. Kubwa ni vumbi: jembamba, halionekani vizuri, linaingia puani, linatua kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye mkeka anapotambaa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, hasa ubongo. Watu wa Owino Uhuru, pale Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu. Mwanaharakati wa mazingira Phyllis Omido aliwapigania mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kile kilikuwa kiwanda na wewe una mkuo mmoja, lakini sumu ni ileile.

Chombo ninachokiamini ni tindo pana. Mhunzi anaweza kukufulia moja kutoka kwenye springi ya gari, yenye makali ya upana wa vidole vinne hivi. Shoka pia linakata, ila usilipige kisogo kwa nyundo ya chuma. Vipande vya chuma huruka na jicho halina akiba. Kwa tindo vilevile vaa miwani.

Weka mkuo juu ya gogo gumu, wala si juu ya saruji. Chora mstari kwa tindo kuuzunguka mkuo wote, kisha urudie mstari huohuo ukiongeza kina kidogo kidogo. Usitegemee upasuke kama kuni. Risasi haipasuki, inajisogeza tu: unapiga, mlio unakuwa mzito usio na mwangwi, na tindo inabanwa. Ipake sabuni ya mche kila ikianza kukwama. Utaona ndani ya mfereji chuma kinang'aa rangi ya fedha iliyochanganyika na buluu, na baada ya muda kinafifia na kurudi kijivu. Mfereji ukifika theluthi moja ya unene kila upande, sogeza mkuo mpaka mfereji ukae kwenye ukingo wa gogo, upige upande unaoning'inia hadi upinde, ugeuze, upige tena. Baada ya kupinda huku na huku unachanika wenyewe.

Mkuo ukiwa mnene mno, tumia msumeno wa mbao wenye meno makubwa, taratibu, na sabuni tena. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unaziba ukakuchosha bure. Tandika turubai chini; chenga ni nzito, hazipeperuki, na zote zinarudi kwenye sufuria.

Mimi hukata vipande vya takriban kilo moja. Kalibu yangu ya kumiminia risasi inatoa chubwi sita za gramu 150, na kinachobaki kinatosha kwa taka zinazoelea juu.

Sasa maji. Sisi ni watu wa bahari, kila kitu chetu kina unyevu, na hapa ndipo mtu anapoungua uso. Mkuo unapoganda hunywea katikati, unaacha shimo au ufa, na mvua ikinyesha maji yanakaa humo. Kipande cha namna hiyo kikizama kwenye risasi iliyoyeyuka, maji yanageuka mvuke kwa mara moja na risasi yote inaruka. Kwa hiyo panga vipande kwenye sufuria ingali baridi, ndipo uwashe jiko. Vya kuongeza baadaye viweke kwanza pembeni mwa moto mpaka vikauke kabisa na kupata joto.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 hivi za Selsiasi, mkaa unatosha. Sufuria iwe ya chuma. Ya alumini inalegea kwa joto na uzito, hata kama yenyewe haijayeyuka. Na ikishatumika kwa risasi, isirudi jikoni kamwe, hata kwa kuchemshia maji ya kuoga. Betri usizivunje nyumbani kabisa: zina asidi, na risasi yake huchanganywa na madini mengine yanayoweza kutoa gesi ya sumu.

Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto na mama mjamzito wakiwa mbali. Usivute sigara wala kula kabla ya kunawa kwa sabuni, mpaka chini ya kucha. Nguo za kazi zivue hukohuko nje, zifuliwe peke yake, na gogo ulilokatia lisije likapasuliwa kuwa kuni za kupikia.