Taka za nyuklia kwenye udongo wa mfinyanzi: maji yamo, ila hayaendi popote

Mkuu umeuliza hao wanaotaka kufukia taka za nyuklia kwenye mfinyanzi hawaogopi maji yapite humo mionzi ikaishie visimani kwa watu. Mi sio mtu wa nyuklia, nachimba visima huku Lindi mpaka Kilwa, ila huo udongo naujua.

Kwanza sio mkavu. Ukishapita mchanga wa juu unakutana na lile tabaka la mfinyanzi la kijivu, ukilikata kwa kisu linang'aa kwa unyevu, lakini ukiliacha shimo usiku kucha asubuhi hakuna cha kupampu na mteja anakuangalia kama tapeli. Maji yamo, vijitundu ndo vidogo mno yamebanwa humo. Ufaransa, sehemu inaitwa Bure ambako wanapanga kufukia taka hizo, tabaka lao la mfinyanzi lipo kama mita 500 chini, na maji ya kwenye udongo wa namna ile hata miaka laki moja hayamalizi mita chache. Uswisi, kwenye maabara ya chini ya ardhi ya Mont Terri iliyo ndani ya mfinyanzi, mpaka leo wanakuta humo masalia ya chumvi ya bahari ya kale. Na hapa kwetu Kilwa wanasayansi walichimba wakatoa magamba ya vijidudu vya baharini vya miaka zaidi ya milioni 40, bado yanapitisha mwanga kama kioo, kwa sababu maji hayakupita kuyaharibu.

Sasa shida ipo hapa, maji yakitulia haina maana kilichoyeyuka nacho kimetulia, chenyewe kinajisambaza polepole kutoka penye kingi kwenda penye kidogo. Vitu vya mionzi vilivyomo kwenye taka hizo havifanani: sizimu na plutoniamu zinanaswa na udongo, ila iodini-129 hainaswi na inachukua karibu miaka milioni 16 kupungua nusu, ndo maana unene wa tabaka wanauangalia sana.

Mimi lakini ningewabana kwenye mashimo yao wenyewe. Ukichimba handaki udongo wa pembeni unapasuka, japo ukilowa unavimba nyufa zinajifunga (ndo huohuo unaotubania mabomba chini tukaapa haturudi tena). Halafu vyuma vikioza vinatoa gesi ya haidrojeni, nayo inatafuta pa kutokea. Kwenye visima uchafu wa juu haupenyi mfinyanzi, unashukia pembeni ya kesingi (bomba la kuzuia kuta za kisima) kama fundi hakuziba vizuri. Wao mahandaki watayaziba kwa bentonaiti, mfinyanzi uleule unaovimba ambao na sisi tunauteremshaga pembeni ya kesingi.