Mnauliza, tunajibu: chaji, radi na tetemeko

Rula niliyoisugua kwenye nywele huvuta vipande vya karatasi, lakini siku nyingine inagoma. Kwa nini?

Ukisugua, elektroni (chembe ndogo mno zenye chaji hasi ya umeme) zinahama kutoka kwenye nywele na kubaki kwenye plastiki, hivyo rula inakuwa na chaji hasi. Ukiisogeza kwenye karatasi, elektroni za karatasi zinasukumwa upande wa mbali, upande wa karibu unabaki chanya, nao ndio unaovutwa. Karatasi yenyewe haijaongezewa wala kupunguziwa chaji! Siku inapogoma, chunguza hewa. Unyevu hutanda juu ya rula na chaji ikavuja, kwa hiyo jaribio hili ni gumu Tanga wakati wa masika kuliko Dodoma wakati wa kiangazi.

Bibi anatuambia tuvue nguo nyekundu na tufunike vioo radi inapopiga. Ni kweli?

Bibi ana haki ya kuiogopa radi, lakini rangi na kioo haviiiti. Inachopendelea ni kitu kirefu, chenye ncha, kilichosimama peke yake.

Kwa hiyo chini ya mwembe si salama?

Si salama, tena nawasihi msikae hapo. Ndani ya wingu la mvua, chembe za barafu hugongana na kugawana chaji, na sehemu ya chini ya wingu kwa kawaida huwa hasi. Chaji hiyo ikipata njia hadi ardhini, hewa inapata joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi na kutanuka ghafla. Huo ndio mngurumo. Umeme ukipita kwenye mti unaweza kumrukia aliye karibu, kisha unasambaa ardhini. Ng'ombe huuawa wengi kwa pigo moja kwa sababu miguu ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, na tofauti ya volteji (nguvu inayosukuma umeme) kati ya miguu hiyo inapitisha umeme mwilini. Usilale chini. Ingia kwenye jengo imara au gari lenye bodi ya chuma. Hesabu sekunde kati ya mwako na mngurumo: kila 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, uwe ndani tayari, na ukae humo dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho.

Darasani je?

Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, Uganda. Shule inahitaji kikinga radi: fimbo ya chuma juu ya paa, iliyounganishwa kwa waya mnene hadi ardhini. Ulizeni kama yenu inacho.

Tetemeko la Kagera la 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, la Ziwa Tanganyika la 2005 lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Mbona tofauti ni ndogo?

Kwenye namba tu. Kila hatua moja ya kipimo hicho cha ukubwa ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo la 2005 liliachia takriban mara 22 ya lile la Kagera. Yote mawili yanatokana na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako mabamba ya dunia (vipande vikubwa vya gamba lake la miamba) yanaachana milimita chache kwa mwaka hadi miamba inapokatika.