Hita ya maji inayovuja chini

Ndugu, hata kama hita yako ya lita 50 inayovuja chini ni ya miaka mingi, tena inatumia maji ya kisima ya Malindi yenye chumvi, usikimbilie kununua nyingine. Zima swichi kuu kwanza. Ikaushe yote kwa kitambaa, utandaze gazeti kavu chini, kisha utazame tone la kwanza linatokea wapi.

Likitoka kwenye valvu ya usalama (ile inayotoa maji presha ikizidi) wakati maji yanapata moto tu, ni kawaida: lita 50 zikitoka nyuzi 25 hadi 60 hutanuka karibu lita 0.7. Likitoka hata maji yakiwa baridi, na tangi linaloleta maji liko juu ya paa, presha si tatizo (kimo cha mita 5 hutoa presha ya kama bar 0.5 tu). Chumvi imeganda ndani ya valvu. Inua kishikio chake mara kadhaa maji yasukume uchafu. Isipokoma, badilisha valvu, na usiizibe kamwe.

Ukiona ukoko mweupe kuzunguka koili, gasketi (mpira wa kuzuia maji yasipenye) imekufa. Weka mpya, ukaze boliti kwa kupishana.

Maji ya kutu yakipenya kwenye mshono wa ganda, tangi la ndani ya hita limeoza. Hapo kuchomelea ni kupoteza pesa. Hita mpya ikaguliwe anodi (fimbo ya chuma inayoliwa na kutu badala ya tangi) kila mwaka.