Kuitilia shaka hukumu ya mauaji ni dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kaka yangu kafungwa maisha kwa kosa la kuua. Shahidi alikuwa mmoja tu na anasema alimuona usiku, na ile karatasi ya kukiri kaka anasema alisaini baada ya kupigwa. Imamu wetu kaniambia hukumu ishatoka, ni qadar (makadirio ya Mungu), nikiendelea kuipinga ni upungufu wa imani. Sheikh nimechoka, kweli napata dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, pole sana. Hapana, hupati dhambi, na swali lako limeninyima raha kwa sababu ya hayo uliyojibiwa.

Eti qadar. Kila kitu ni qadar, hata maradhi, mbona imamu akiugua anakwenda hospitali? Msome Nabii Yusuf katika Qur'ani, sura ya 12, aliyesingiziwa na mke wa bwana wake kwamba alimtaka. Wale wakubwa waliziona dalili zote, kanzu yake imechanika kwa nyuma, yaani alikuwa anamkimbia, na bado wakaona bora wamtie jela (12:35). Baadae mfalme anamuita atoke, Yusuf anagoma, anamwambia mjumbe rudi kwa bwana wako ukamuulize habari za wale wanawake waliojikata mikono (12:50). Yaani mlango uko wazi na yeye anataka kwanza kesi ichunguzwe upya! Sasa na Yusuf naye tuseme alipungukiwa imani?

Wengine watakwambia kadhi anahukumu kwa yaliyo dhahiri kwa hiyo mambo yameisha. Nusu ya kwanza ni kweli, ila hadithi yenyewe ya Ummu Salama, mke wa Mtume, iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, inawageukia. Mtume (s.a.w.) anasema yeye ni mtu tu, watu wanamletea kesi na huenda mmoja ni hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, akahukumu kwa anavyosikia, basi atakayepewa haki ya nduguye asiichukue maana ni kipande cha moto. Kama hukumu ya Mtume mwenyewe haibadilishi ukweli wa kilichotokea, ya hakimu wa leo ndo iwe haiguswi? Na kuhusu karatasi, imepokewa kwa Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kwamba mtu haaminiki juu ya nafsi yake ukimtia njaa, ukimfunga au ukimpiga. Kukiri kwa kipigo hakuna uzito kwetu, kama kweli alipigwa.

Hilo "kama" dada yangu usiliruke. Mimi sikuwepo, wewe hukuwepo. Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105 ilishuka kwa sababu watu walisimama kumtetea ndugu yao aliyeiba huku lawama anabebeshwa asiye na hatia, na Mtume akakatazwa kuwatetea makhaini. Kwa hiyo unachodai kiwe uchunguzi wa haki, sio kaka atoke kwa vyovyote vile. Ukianza kuandika mitandaoni kwamba shahidi kahongwa, au muuaji wa kweli ni fulani, na huna ushahidi, hapo sasa umeingia kwenye dhambi, umemfanyia mwingine kilekile unacholia nacho.

Fanya hivi. Muulize wakili leo, sio wiki ijayo, muda wa rufaa unaisha lini, maana haki nyingi zinapotea kwa tarehe tu. Kama kuna cheti cha daktari cha yale majeraha kitafute. Kaka amwambie wakili kila kitu hata kile kinachomuumbua, na mara moja ukiwa nae peke yenu muulize wewe mwenyewe, kwa upole, halafu nyamaza umsikilize. Uchovu ulionao usiuone ni udhaifu wa imani, Yaakub, baba yake Yusuf, alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe na bado ni nabii. Pumzika, kula, swala za usiku unaweza kupunguza rakaa usipunguze dua.

Na mama wa marehemu usimkwepe njiani. Yeye kampoteza mtoto, ameambiwa muuaji ni huyu na hana namna ya kujua vingine. Mpe pole ya msiba, ya kesi usimtajie kabisa.

Wallahu a'lam.