Niendelee kuiandikia ESP8266 programu au niipige chini?

SWALI: Habari mkuu. Miaka ya nyuma niliandika fimwea (programu inayokaa ndani ya kifaa) ya mashine za kutotolesha vifaranga, natumia bodi ya NodeMCU yenye chipu ya waifai ya ESP8266. Inasoma joto na unyevu, inawasha hita na feni, inageuza trei, halafu inatuma taarifa kwenye seva yangu mfugaji aone kwenye simu. Kuna mafundi Morogoro na Dodoma wanaiweka kwenye mashine wanazounda. Sasa kila nikiongeza kitu memori inagoma, na watu wananiambia hiyo chipu imekufa nihamie ESP32. Nikihama, wale wenye mashine za zamani nawaachaje?

JIBU: Salama mkuu. Kwanza haijafa, anayekwambia imekufa aende Kariakoo akaangalie zinavyouzwa. Ila imezeeka, hilo hatubishani. Ni chipu ya Espressif wa Shanghai, ilianza kuvuma 2014 kupitia kale kabodi kadogo ka ESP-01, na kilichoipa jina ni waifai kwa bei ya kutupa. Tatizo liko chini yake, ile SDK (programu ya msingi ya mtengenezaji) ambayo Arduino ya ESP8266 imejengwa juu yake, NonOS, Espressif walishatangaza kwamba kuanzia Desemba 2019 hawaongezi kitu kipya humo, wanarekebisha hitilafu kubwa tu. Kwahiyo hata wewe ukikesha unaandika, msingi uliosimamia hausogei. Kwa mfano ruta ikiwekwa WPA3 (ulinzi mpya wa waifai) peke yake, mashine yako haitaingia kwenye mtandao na hakuna mstari utakaoandika wewe wa kulitibu hilo, unamwambia tu mteja arudishe WPA2.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kushikilia joto la 37.5 kwa siku 21 na kugeuza mayai kila baada ya masaa kadhaa, hiyo ESP8266 inafanya huku imelala. Yai la kuku halijabadilika tangu 2014. Kinachokukaba wewe ni mtandao. Ukishawasha waifai unabaki na kama KB 40 hivi za memori, halafu muunganisho mmoja tu wa HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa kwa usalama) unataka zaidi ya KB 20, maana bafa ya kupokelea, yaani sehemu ya memori ya kushikia data inayoingia, peke yake ni KB 16, na inazitaka zikiwa kipande kimoja kisichokatika. Hapo ndipo unapoona memori ipo lakini inagoma. Acha kuangalia ESP.getFreeHeap() (memori yote iliyo wazi) peke yake, chapisha na ESP.getMaxFreeBlockSize() (kipande kikubwa kuliko vyote kilicho wazi) uone, nina uhakika utakuta ya kwanza inasema 30 elfu na ya pili imeshuka kwenye 12 elfu, na anayevunjavunja hivyo mara nyingi ni zile String (vipande vya maandishi) unazounganisha kutengeneza JSON, ule mpangilio wa taarifa unazotuma kwenye seva. Tumia bafa moja ya char yenye ukubwa maalum, utapumua. Na kama seva yako inakubali MFLN (makubaliano ya kutuma vipande vidogo vya data), punguza bafa kwa setBufferSizes, hapo tu unaokoa KB nyingi bila kununua chochote.

Kwahiyo jibu langu: usiiache, ila usiiongezee kitu. Itenge kabisa. Tawi la ESP8266, yaani toleo la programu la bodi hiyo, lifunge leo kwa vipengele vipya, hata mteja akililia grafu za rangi au ujumbe wa WhatsApp mwambie hiyo iko kwenye bodi mpya. Utakachoendelea kukigusa kwenye tawi la zamani ni kile ambacho kisipoguswa mashine inapotea mtandaoni au mayai yanaharibika, basi.

Na usidhani hicho ni kidogo. Chukua vyeti vya HTTPS. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi cha zamani walichokuwa wanakitegemea Let's Encrypt, DST Root CA X3, kiliisha muda, na vifaa vingi duniani ambavyo vilichomwa cheti hicho kimoja ndani ya fimwea vikashindwa kuongea na seva zao wakati hakuna aliyegusa kitu. Angalia yako umeweka nini. Kama umeweka fingerprint (alama ya utambulisho) ya cheti cha seva yenyewe basi una balaa, maana vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt ni vya siku 90, kila kikibadilika mashine zote zinakatika. Weka mzizi ISRG Root X1, huo ni mpaka 2035. Halafu kuna saa, umeme ukikatika ukarudi bodi inaamka inadhani ni 1970, cheti kinaonekana bado hakijaanza kutumika, inagoma kuunganika mpaka ipate saa ya mtandaoni kwa NTP. Hakikisha wakati inahangaika na hayo yote hita inaendelea kusimamiwa, sio loop yako imekaa inasubiri seva. ESP8266 ina kiini kimoja, kuanzisha TLS (ule ulinzi wa HTTPS) tu kunaweza kula sekunde moja mbili, na ukiibana zaidi watchdog, mlinzi wa ndani wa chipu iliyokwama, inaiwasha upya.

Jambo lingine kabla hujabonyeza apdeti ya Arduino core (maktaba ya msingi unayojengea fimwea): fimwea yako naona ni ya zamani, je uliijenga kwa core 2.x? Maana kuanzia 3.0 analogWrite (amri ya kupanga kasi ya feni) ilibadilishwa, zamani kiwango cha juu kilikuwa 1023, sasa ni 255. Feni uliyoipa 512 ikazunguka nusu, ukiijenga upya bila kugusa kitu itazunguka kasi yote, inapuliza mayai, unyevu unashuka, na wewe utatafuta kosa kwenye sensa wiki nzima. Weka analogWriteRange(1023) mwanzoni yaishe.

Bodi mpya sasa. Mimi nisingekwambia ESP32 tu kwa jumla, chukua ESP32-C3. Nayo ina kiini kimoja lakini inakimbia MHz 160, ina SRAM ya KB 400, ina vifaa vya ndani vya kusaidia hesabu za TLS, ina Bluetooth ambayo mfugaji anaweza kuitumia kuingiza jina la waifai bila kuhangaika, na chini yake kuna FreeRTOS, mfumo unaogawa kazi za chipu, kwahiyo hita unaipa taski yake yenye kipaumbele na mtandao taski yake, mmoja akikwama mwenzake anaendelea. Hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa kuliko memori.

Kazi ya kuhama sio kubwa kama unavyoogopa ila usikopi faili ukaanza kubadilisha juu juu. Toa ile akili ya kutotolesha (joto likiwa hivi fanya hivi, siku ya 18 acha kugeuza, unyevu upande) iweke kwenye faili zake ambazo hazijui kabisa kuna kitu kinaitwa ESP. Pini, waifai na kuhifadhi mipangilio viwe pembeni, ESP8266 ina vyake na C3 ina vyake, EEPROM huku na Preferences kule. Ukifanya hivyo ukikuta kosa la mantiki unarekebisha mara moja na bodi zote mbili zinapata, na hapo swali lako la nawaachaje limejijibu.

Wale wenye mashine za zamani wagawe kwa OTA, yaani kama mashine inaweza kupokea apdeti kwa mtandao. Wenye nayo wapelekee apdeti, NodeMCU nyingi zina flashi ya MB 4 kwahiyo nafasi ipo. Lakini fimwea ikatae kujiapdeti kama kuna mayai ndani, isubiri mzunguko uishe, maana toleo bovu likiingia siku ya 19 hakuna mfugaji atakayekuelewa na atakuwa na haki. Wasio na OTA, waache kama walivyo, fundi akienda kufanya sevisi aende na laptop na waya. Na seva yako iendelee kupokea taarifa kwa mtindo wa zamani, usije ukabadilisha API (njia ya seva kupokea taarifa) kwa ajili ya C3 ukawazimia wengine.

Mwisho kuna pini. Kwenye ESP8266, GPIO0 na GPIO2 zinatakiwa ziwe juu (zina volti) inapowaka na GPIO15 iwe chini (haina volti), kwenye C3 zenye masharti ni GPIO2, 8 na 9. Rilei ya hita (swichi inayoendeshwa na bodi) ikikaa kwenye mojawapo ya hizo, inaweza kuruka kila umeme unaporudi au bodi ikagoma kuwaka kabisa. Tuma mchoro wako wa sasa niuangalie kabla hujaagiza bodi, na useme rilei zako zinawaka kwa juu au kwa chini.