Shangazi, nyota zetu haziendani

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Kisauni. Salim wangu ameleta posa na wazee wamekubali. Juzi mamake, Bi Fatuma, alikwenda kwa mtu wa falaki Majengo, akapigiwa hesabu. Ameambiwa nyota yangu ni Dalu, ya upepo, na ya Salim ni Thauri, ya udongo. Tukioana ndoa haifiki miaka mitatu. Eti dawa ipo: tusafishwe nyota kwa shilingi 12,000, na kuku mweupe juu yake. Salim anacheka, mamake hacheki, na mimi silali. Huyo mtu alijua hata kwamba nilishawahi kuchumbiwa. Amejuaje?*
*Msichana wa Kisauni*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu yenyewe, maana ndiyo iliyokunyima usingizi na wala hujaonyeshwa karatasi yake.

Hiyo ni hesabu ya abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, kuanzia alifu ambayo ni 1 mpaka ghaini ambayo ni 1,000. Mtu wa falaki huandika jina lako na la mama yako, akajumlisha herufi zote, kisha akatoa 12, akatoa 12 tena, mpaka ibaki namba isiyozidi 12. Ikibaki 1 wewe ni Hamali, 2 Thauri, 3 Jauza, hivyo hivyo mpaka 10 Jadi, 11 Dalu na 12 Hutu. Nyota hizo zimegawiwa kwa zamu: moto, udongo, upepo, maji, kisha moto tena. Kwa desturi yao moto huelewana na upepo, na udongo huelewana na maji. Upepo na udongo ndipo mtabiri anapokunja uso.

Sasa chukua kalamu. Salim aliyeandikwa kwa alifu ni sini 60, alifu 1, lamu 30, mimu 40: jumla 131. Lakini yuko Salim mwingine, anayeandikwa kwa ye badala ya alifu: sini 60, lamu 30, ye 10, mimu 40, jumla 140. Kwenye kitambulisho cha Kenya wote wawili ni Salim tu. Mamake naye ana shida yake. Fatuma ni fe 80, alifu 1, twe 9, mimu 40, halafu ile te ya mwisho iliyofungwa. Wapo wanaoihesabu kama he, 5, na wapo wanaoihesabu kama te kamili, 400. Kwa hiyo Bi Fatuma ni 135 kwa fundi mmoja na 530 kwa mwingine.

Jumlisha. 131 na 135 ni 266. Ukitoa 12 mara 22 inabaki 2, Thauri, udongo. Hiyo ndiyo mliyopewa. 140 na 135 ni 275, inabaki 11: Dalu, upepo, nyota moja na yako. 131 na 530 ni 661, inabaki 1: Hamali, moto, nayo inapatana na upepo vizuri sana. 140 na 530 ni 670, inabaki 10: Jadi, udongo tena. Mchumba mmoja, mama mmoja, nyota nne. Mbili zinakuruhusu uolewe, mbili zinakukataza, na kinachoamua ni mkono wa aliyeshika kalamu. Jina lako nalo likifanyiwa vivyo hivyo, tutakesha.

Tena angalia kwamba kilichotolewa ni ile hesabu yenye dawa ya kuuzwa. Angepata Hamali, Bi Fatuma angetoka pale na furaha yake, na yule bwana angeambulia ada ya kupiga hesabu peke yake.

Amejuaje uchumba wako wa mwanzo? Mwanangu, Kisauni na Majengo ni mji mmoja. Anayekwenda kuuliza habari za mkwe hakai kimya barazani akisubiri zamu. Huulizwa na msaidizi mlangoni, huzungumza na wenziwe, na ndani sauti husikika. Hata kama hakusema neno, kumwambia mtu "huyu msichana ana mtu wa nyuma" juu ya binti wa miaka 26 ni kubahatisha kwa salama. Ungekuwa hujachumbiwa, angesema ni mtu aliyekutamani kimoyomoyo, au ni dadako. Maneno yaliyogonga, Bi Fatuma ameyabeba mpaka nyumbani. Yaliyopita pembeni ameyaacha kule kule.

Si kila atabiriye ni mwongo. Mvuvi atakwambia bamvua iko mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba maji yakijaa saa nne leo, kesho yatajaa kama dakika 50 baadaye. Unaweza kushuka ufukweni na saa yako ukamsuta. Huyu wa miaka mitatu utamsuta lini, na mkiachana mwaka wa saba atasema nini?

Kwa Bi Fatuma usiende wewe, wala Salim asiende na kicheko chake. Kicheko ndicho kinachomfanya mama ashikilie. Mtumieni mshenga, au dada mkubwa wa Bi Fatuma kama yupo, aende na swali moja la adabu: jina la Salim liliandikwa kwa alifu au kwa ye? Aombe na karatasi ya hesabu. Asipopewa karatasi, jibu amelipata. Mtu wa rika lake ndiye pia wa kumkumbusha ile hadithi ya anayemwendea mtabiri kumuuliza jambo, kwamba sala zake hazikubaliwi usiku 40. Ikitoka kinywani mwako itakuwa matusi. Kama roho yake haijatulia, kuna istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo: rakaa mbili za sunna, kisha dua yake. Si lazima aote ndoto, na asije akaigeuza kila ndoto ya nyoka kuwa habari zako.

Hizo 12,000 msitoe, hata nusu, hata "ya ubani tu". Anayelipa kusafisha nyota huitwa tena kwa kuwa uchafu umerudi.

Mkitaka kujua la mbele kweli, nendeni maabara mkapime sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, maana huku Pwani wanaobeba chembe yake ni wengi na hawajijui. Ombeni kipimo kinachoonyesha AA (huna chembe), AS (unaibeba lakini huugui) au SS (una ugonjwa wenyewe). Kundi la damu, zile A, B na O, halisemi lolote juu ya hili, na watu wengi hurudi na karatasi hiyo wakidhani wamepima. Mmoja wenu akiwa AA, hamtazaa mtoto wa SS. Mkiwa AS nyote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Hapo mtahitaji mshauri wa hospitali kabla ya kupanga tarehe ya nikahi, na majibu mkae nayo wawili kwanza kabla hayajafika kwa Bi Fatuma.

Shangazi